Shingo Ikapigwa Picha, Ubongo Ukaonekana

Umekwenda kupima shingo, umerudi na habari za ubongo. Ndivyo inavyowatokea watu wengi siku hizi. Shingo imekaza miezi mitatu, mkono wa kulia unaingia ganzi usiku, dawa za maumivu zimezoeleka hadi hazifanyi kazi tena. Daktari anaandika MRI ya shingo, ndugu wanachangishana, mtu analazwa ndani ya lile bomba la sumaku linalogonga na kunguruma nusu saa nzima. Majibu yanatoka. Mistari ya juu inazungumzia pingili na diski, mambo aliyoyategemea. Halafu huko chini, katika sentensi moja tu, imeandikwa kwamba tonsili za serebelamu zimeteremka milimita 6 kupita tundu kubwa la fuvu, na kwamba huenda hiyo ni Chiari ya aina ya kwanza.

Anauliza, anaambiwa ni kasoro ya kuzaliwa nayo, ya ubongo. Ana miaka 44. Amesoma, amezaa, amelima, amepandisha ndoo za maji ghorofa ya tatu. Miaka yote hiyo alikuwa anatembea na ubongo wenye kasoro?

Mtu akipata karatasi ya namna hiyo huuliza maswali mawili, na mara nyingi huyauliza kwa pumzi moja: je, huu ni ugonjwa, na je, watu wenye hali hii ni wengi? Leo, msikilizaji, nataka tukae na hilo la pili. La kwanza litajijibu lenyewe njiani, au angalau litapungua makali.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Serebelamu ni ule ubongo wa kisogoni. Ndio unaosawazisha mwendo, unaomwezesha mtu kutembea bila kuyumba na kupeleka kijiko mdomoni bila kukosea njia. Chini yake una vinundu viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia, ambavyo madaktari wanaviita tonsili. Si zile za kooni, hizi hazivimbi kwa mafua wala hazikatwi kliniki. Kwa kawaida hukaa juu kidogo ya ukingo wa tundu lililo chini ya fuvu, mahali ubongo unapokabidhiana na uti wa mgongo. Kwa baadhi yetu hazikai hapo. Zimeshuka, zimechungulia shingoni. Zikishuka sana hubana njia ya maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, maji ambayo husukumwa kwenda na kurudi kila moyo unapopiga. Kwa watu wengi wa aina hii ya kwanza, ukitafuta mwenye kosa, si ubongo bali ni mfupa: chumba cha kisogoni ni kidogo, ubongo haukutosha, ukatafuta pa kwenda.

Na kwa nini inaonekana kwenye picha ya shingo? Kwa sababu picha ya shingo inayochukuliwa kwa ubavu huanzia juu ya shingo yenyewe. Huwezi kuiona pingili ya kwanza bila kuliona lile tundu, na huwezi kuliona tundu bila kuona kilicholala mlangoni pake. Fundi mitambo hakutafuta ubongo wako. Umejitokeza wenyewe.

Jina la Chiari ni la mtu. Hans Chiari alizaliwa Vienna, na mwaka 1891 alikuwa mtaalamu wa patholojia mjini Prague. Kazi yake ilikuwa kuwafungua maiti na kuandika alichokikuta. Mwaka huo alichapisha makala kuhusu jinsi ubongo wa nyuma unavyobadilika pale maji yanapojaa kichwani, na akazigawa kasoro hizo katika aina. Aliyemtolea mfano wa aina ya kwanza alikuwa msichana wa miaka 17. Unajua aliuawa na nini? Homa ya matumbo. Taifodi. Tonsili zake zilikuwa zimerefuka na kuteremka hadi ndani ya mfereji wa shingo, lakini uhai wake wote hakuwa ameonyesha dalili yoyote ambayo ungeweza kusema imetoka huko. Kama si zile bakteria za matumbo, asingelazwa meza ya Chiari, na huenda leo tungekuwa tunaliita jambo hili kwa jina jingine.

Nasisitiza habari za msichana huyu kwa makusudi. Vitabu vingi huitaja Chiari kama ugonjwa wenye orodha ndefu ya mateso, na kweli unao wagonjwa wanaoteseka. Lakini mtu wa kwanza katika kumbukumbu zake hakuwa mgonjwa wa Chiari. Alikuwa nayo tu. Tofauti ya kuwa nacho kitu na kuumwa nacho ilikuwepo tangu ukurasa wa kwanza, ila kwa karibu miaka mia moja haikuweza kupimwa, kwa sababu hakukuwa na njia nzuri ya kuona ndani ya kisogo cha mtu mzima wa afya. Walioonekana walikuwa maiti, au wagonjwa waliokwisha kufika kwa mpasuaji wa ubongo. Ndipo likazoeleka lile kadirio kwamba hali hii humpata mmoja kati ya watu 1,000.

Kisha mashine za MRI zikaingia hospitalini katika miaka ya 1980, na hesabu ikavurugika.

Mwaka 2000 madaktari wa Johns Hopkins, huko Baltimore, Marekani, walitoa hesabu yao. Walipitia kumbukumbu za watu 22,591 waliopigwa MRI ya kichwa na ya shingo. Wenye tonsili zilizoshuka zaidi ya milimita 5 walikuwa 175, yaani kama mmoja kati ya 130. Si mmoja kati ya 1,000. Kati ya hao 175, watu 25 hawakuwa na dalili yoyote ya hali hiyo. Walikuwa wamekwenda kupimwa kwa mambo mengine. Na usidhani hao 25 walikuwa wamevuka mstari kidogo tu. Kwa wastani tonsili zao zilikuwa zimeshuka milimita 11 na ushei. Sentimita nzima ya ubongo iko shingoni, na mwenyewe hana habari.

Hao, hata hivyo, walikuwa watu wa hospitali. Ukitaka kujua magari mangapi ya mji yana injini mbovu, usiende kuhesabia gereji. Waholanzi waliligundua hilo. Mjini Rotterdam kuna utafiti mkubwa unaowafuatilia wakazi wa kawaida wa mji, watu wazima walioombwa washiriki, si wagonjwa waliokuja kulalamika. Mwaka 2007 watafiti walichapisha walichokiona katika vichwa vya watu 2,000 kati yao, wa miaka 45 na kuendelea, wastani miaka 63. Wenye Chiari ya aina ya kwanza walikuwa 18. Asilimia 0.9. Mmoja kati ya 111. Watu wanaokwenda sokoni kwa baiskeli, wanaolea wajukuu.

Basi tumepata jibu, asilimia moja kasoro kidogo? Ngoja. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 16 za watu wasio na dalili, jumla yao zaidi ya 19,000, wakapata asilimia 0.24, kama mmoja kati ya 400. Mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Michigan kikapitia MRI za watoto na vijana 14,116 wasiozidi miaka 18, na wenye Chiari wakawa 509. Asilimia 3.6! Mmoja kati ya 28. Darasa moja la shule, mtoto mmoja. Lakini miaka miwili kabla yake, kaskazini mwa California, nchi ileile, watoto vilevile, wengine walikuwa wamehesabu 5,248 waliopigwa MRI na kukuta 51, asilimia moja.

Kutoka 0.24 hadi 3.6 ni tofauti ya mara 15. Haiwezekani mafuvu ya Michigan yakawa tofauti hivyo na mafuvu ya kwingine. Kinachotofautiana ni nani aliyeingizwa kwenye mashine, na rula iliyotumika.

Hapa kwenye rula ndipo penye mambo. Ili kupima, daktari wa radiolojia huchora mstari kutoka ukingo wa mbele wa lile tundu hadi ukingo wa nyuma, kisha hupima ncha ya tonsili imevuka mstari huo kwa kiasi gani. Mazoea ya dunia nzima ni kwamba ikivuka milimita 5 inaitwa Chiari, na ikiwa kati ya milimita 3 na 5 inakuwa nusu kwa nusu. Milimita 5 ni kama unene wa kalamu ya risasi, au chini ya hapo. Mstari huo haukushushwa kutoka mbinguni. Uliwekwa na watu katika miaka ya 1980 baada ya kulinganisha picha za wazima na za wagonjwa, na wao wenyewe waliona kwamba makundi hayo mawili yanapandiana.

Tena tonsili hazikai mahali pamoja maisha yote. Mwaka 1992 kundi la watafiti lilionyesha kwamba zinapanda kadiri umri unavyosonga, na likapendekeza mipaka tofauti: milimita 6 kwa mtoto wa chini ya miaka kumi, 5 kwa vijana hadi miaka 30, 4 kwa watu wazima hadi miaka 80, na 3 kwa wazee waliopita hapo. Kwa hiyo milimita 5 za mtoto wa miaka tisa na milimita 5 za babu yake si habari moja. Ajabu ni kwamba pendekezo hilo lina zaidi ya miaka 30, na bado majibu mengi yanaandikwa kwa ile 5 moja inayomvaa kila mtu.

Ongeza ugumu wa picha ya shingo yenyewe. Mashine haimchukui mtu mzima-mzima, inamkata vipande, na kwa shingo kipande kimoja huwa na unene wa kama milimita 3. Tonsili ni mbili, haziko katikati hasa, na mara nyingi moja imeshuka kuliko mwenzake. Kipande kinachopita katikati ya shingo kinaweza kuikosa ncha iliyoshuka zaidi, na kingine cha pembeni kikaikamata. Daktari mmoja akasoma 4, mwingine akasoma 6, wote wawili wakiwa makini. Mmoja amekuandikia huna, mwingine amekuandikia unayo.

Na kipimo kikubwa si dalili kubwa. Mwaka 1999 madaktari wa New York walieleza habari za wagonjwa wao 364 waliokuwa na mateso ya kweli. Wanawake walikuwa 275. Kati ya hao wote, 32 walikuwa hawajafika hata hizo milimita 5. Linganisha na wale 25 wa Baltimore wenye milimita 11 na usingizi mnono. Mimi naona ukizisoma tafiti hizi mbili pamoja, ile namba iliyo kwenye karatasi inakupungukia uzito mkononi. Haipotei, lakini inapungua.

Kuna utafiti mmoja uliohusu MRI za shingo hasa, nao umezua mjadala. Ulichapishwa mwaka 2010 na uliangalia picha za watu 1,200 hivi waliokuwa na maumivu ya shingo huko Marekani. Nusu yao walikuwa wamepata ajali, ya gari kwa wengi wao, lile gari linalogongwa kwa nyuma kichwa kikarushwa nyuma kisha mbele. Nusu nyingine hawakuwa na ajali. Wengine walipigwa picha wakiwa wamelala kama kawaida, wengine wakiwa wima, kwa mashine maalumu. Hesabu ilianzia kwenye tonsili iliyovuka mstari hata kidogo, bila kusubiri milimita 5. Kwa wasio na ajali, walioonekana nayo walikuwa zaidi kidogo ya asilimia 5, walale au wasimame. Kwa walioumia, asilimia 9.8 wakiwa wamelala, na asilimia 23.3 wakiwa wima.

Karibu robo! Unaweza kufikiria jinsi namba kama hiyo inavyopokewa katika nchi ambako kila shingo iliyoumia barabarani ina wakili wake. Lakini tuiangalie kwa utulivu. Hakuna hata mmoja wa watu hao aliyekuwa na picha ya siku moja kabla ya ajali. Hatujui nani alikuwa na tonsili iliyoshuka tangu tumboni mwa mama yake, na nani ilishushwa na gari. Inawezekana pia kwamba mtu aliyezaliwa nayo ndiye anayeumia zaidi akigongwa, kwa hiyo ndiye anayefika kwenye mashine. Wale wagonjwa wa New York nao, kama robo yao walisema mateso yalianza baada ya kuumia kichwa au shingo. Ajali huamsha kilicholala. Kwamba inakiumba ni dai jingine, na linahitaji ushahidi mwingine.

Kuna kushuka kwingine ambako si kwa kuzaliwa, na hapa naomba umakini kidogo. Maji ya uti wa mgongo yakivuja, ubongo unapoteza maji yanayoubeba na unalala chini, tonsili zinaingia tunduni. Inaweza kutokea baada ya sindano ya mgongoni, iwe ya kutoa maji ya kupima au ya ganzi ya upasuaji, na wakati mwingine utando hupasuka wenyewe. Kwenye picha inaweza kufanana na Chiari. Alama yake ni kichwa kinachouma ukisimama na kinachotulia ukilala. Huyo dawa yake ni kuziba panapovuja. Wako waliopasuliwa kisogo kwa hali hii, na hawakupona, wengine hali yao ikawa mbaya zaidi. Mweleze daktari kama umewahi kuchomwa sindano ya mgongo, hata kama hakuuliza.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki labda mmeshalisikia jina la Chiari pengine kabisa, kwenye wodi za watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa. Hiyo ni aina ya pili, na ni jambo zito, la tofauti. Karibu kila mtoto anayezaliwa na mgongo wazi wa ile aina ambayo uti umetokeza nje anayo, na wengi wao maji hujaa kichwani. Mbale, nchini Uganda, daktari Benjamin Warf alianza kuwatibu watoto wa namna hiyo kwa kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo na kuunguza kidogo tishu inayoyatengeneza, ili wasiwe watumwa wa mpira wa kupitishia maji unaoziba mbali na hospitali. Nalitaja ili mtu asisome karatasi yake ya shingo, akaona neno Chiari, akawakumbuka watoto hao na kudhani wako safari moja. Hawako.

Turudi kwa mwenzetu wa miaka 44. Kuna jambo moja zuri kuhusu kuligundua hili kwenye MRI ya shingo. Kinachowatia hofu zaidi wapasuaji si zile milimita. Ni maji kujikusanya ndani ya uti wa mgongo wenyewe na kufanya uvungu, hali wanayoiita siringomielia. Uvungu huo hupenda sana kukaa shingoni. Kwa hiyo picha ileile iliyomtisha inaweza kumwambia kama uvungu upo au haupo. Kati ya wale 25 wa Baltimore wasio na dalili, mmoja tu alikuwa nao. Kwa wale watoto 509 wa Michigan wenye Chiari ilikuwa asilimia 23, si kidogo, na ndiyo maana mtoto hufuatiliwa kwa karibu kuliko mtu mzima.

Kisha zinafuata dalili. Kichwa kuuma ni dalili ya nusu ya dunia, hakiwezi kuhukumu mtu. Kinachotafutwa ni maumivu ya kisogoni yanayolipuka ukikohoa, ukipiga chafya, ukicheka kwa nguvu au ukikaza chooni, kisha yanatulia baada ya muda mfupi. Kupaliwa na maji mara kwa mara. Kuyumba. Mtoto anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, au ambaye mgongo wake umeanza kupinda. Na moja ambayo watu hawaitaji kwa sababu haiumi: mikono kupoteza hisia ya moto. Mama anaepua sufuria bila kitambaa, anaona lengelenge baadaye na hajui limetoka wapi. Hiyo ni habari ya kumpeleka mtu kwa bingwa wa mishipa ya fahamu wiki hiyohiyo, hata kama kwenye karatasi imeandikwa milimita 4.

Asiye na dalili hizo wala uvungu kwa kawaida hapasuliwi. Upasuaji wenyewe ni kuondoa kipande cha mfupa wa kisogo, mara nyingi pamoja na upinde wa nyuma wa pingili ya kwanza, ili tonsili zipate nafasi. Wakati mwingine utando wa ubongo hufunguliwa na kuongezwa kiraka. Huwasaidia wengi wenye mateso ya kweli. Pia huvuja, huambukizwa, na humweka mtu nje ya kazi kwa wiki nyingi. Hafanyiwi mtu kwa sababu ya sentensi moja iliyojitokeza mwishoni mwa majibu ya diski.

Na ile CD ya picha waliyokupa pamoja na karatasi, usiigeuze ya muziki wala usiiache kwenye droo ya hospitali. Karatasi inasema milimita ngapi. Haionyeshi mstari ulichorwa wapi, wala kwenye kipande kipi. Ukipigwa picha nyingine baada ya mwaka mmoja, anayesoma atataka kuziweka zote mbili mbele yake na kupima upya kwa mkono wake mwenyewe.